Kitabu cha Tenda Nilichokishona kwa Mkono

Nimeshona turubai tangu nilipotolewa shule darasa la tatu, na sijaona upumbavu kama wa mtu mzima aliyevaa tai akihesabu karatasi. Ng'ombe ukimhesabu ni sawa, anaweza kupotea. Lakini karatasi? Baadaye nilijifunza kuwa karatasi nayo hupotea, ila haipotei kwa miguu yake.

Kibanda chetu kiko Gitothua, hapa Ruiru. Zamani tulikuwa Witeithie, kando ya barabara kabisa, tukiwashonea watu wa malori ya mchanga. Tukaambiwa tuhame, tukahama. Waliotuhamisha nao nawadharau, lakini wakae kwenye foleni, leo si zamu yao. Ninachotaka kusema ni kwamba kazi ya turubai imekufa polepole. Siku hizi kuna hizi za plastiki kutoka nje, nyepesi kama ganda la kitunguu. Mwenye lori anainunua ikiwa imekunjwa vizuri, upepo wa miezi mitatu unaichana, ananunua nyingine, na bado ananiambia mimi ndiye ghali. Wateja wakapungua hadi mke wangu akaniambia jambo ambalo nilikuwa nalijua lakini sikutaka kulisikia. Mwenye ploti alitaka kibanda aweke duka la simu. Tusipopata kazi moja kubwa kabla ya mwisho wa mwaka, tunampa ufunguo.

Kazi hiyo moja ilitokea kwenye saiba, duka la kompyuta na kuchapa. Kuna msichana wa saiba kule Kahawa Sukari ambaye huwachapia wanafunzi wa chuo kazi zao, na nilimshonea kivuli cha kuzuia jua mlangoni. Nikiwa nafunga kamba akanisomea tangazo. Ofisi ya serikali ya mambo ya wanyama wa porini ilikuwa inataka hema za askari wake, wale wanaotembea msituni siku nyingi wakifuata wawindaji haramu. Hema mia na ishirini. Nilishuka kwenye ngazi. Hema naijua. Najua mahali inapovuja, na haivuji katikati ya kitambaa kama watu wanavyodhani. Inavuja kwenye mshono, pale fundi alipofanya haraka akiwaza chakula.

Basi makaratasi ya tenda yakachapwa. Mtu anataka kununua hema, anakupa karatasi nyingi kuliko kitambaa. Msichana alinisomea zote, maskini, na nakuambia hema yenyewe ilitajwa kwenye kurasa mbili tu. Zingine zote zilikuwa kuapa. Uape hujawahi kufungwa, uape hujatoa hongo, uape hutatoa. Nilimuuliza kama wao nao wameapa mahali. Akaniita babu kwa Kikuyu: "Guka, hiyo haiko."

Tena tenda ilikuwa imetengewa vijana, akina mama na walemavu. Mimi si kijana, si mwanamke, na viungo vyangu vyote viko, ingawa goti moja linajitegemea. Kwa hivyo mke wangu akawa mkurugenzi. Alisoma mpaka la saba, na kalamu yake huikalisha ndani ya kitambaa cha kichwa, juu ya sikio. Alikubali kazi hiyo bila kucheka. Jioni ile ile alinituma maji ya kuoga akiniita "mfanyakazi".

Ilisemwa kila ukurasa uandikwe nambari na karatasi zote zifungwe pamoja, isitoke hata moja. Nambari aliandika mkurugenzi kwa mkono wake, moja mpaka themanini na sita. Kuhusu kufunga, msichana akatoa ule waya wa plastiki uliojikunja kama mkia wa nguruwe, akasema wote hutumia huo. Nilivuta karatasi moja kwenye kitabu cha mfano pale mezani. Ikatoka kama jani la sukuma wiki. Nikamwambia hicho hakijafungwa, hicho kimetundikwa. Nikarudi nazo kibandani, nikachukua msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, na uzi niliopaka nta, nikashona pembeni matundu saba, mshono wa kwenda na kurudi. Jalada nikalifanya kwa turubai ya kijani, na mifuko miwili ya kuwekea sampuli za kitambaa. Sijui kama ilikuwa kiburi. Labda ilikuwa. Lakini mtu akikuambia funga, unafunga.

Siku ya kufungua tenda tulienda ukumbi mmoja Thika. Palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, utafikiri ndani kuna chui. Nyuma ya sanduku kamati, mbele sisi. Na sisi nani? Nilitazama mikono ya waliokaa mbele na sikuona hata mmoja mwenye sugu. Pembeni yangu aliketi bwana wa viatu vya kung'aa, ofisi yake yote imo ndani ya mkoba. Aliniambia mwaka huo ameshauza penseli kwa mashule na nyama kwa gereza. Nikamuuliza, kama fundi kwa fundi, hema zake atazipiga mshono gani. Akaniangalia kwa huruma.

"Mzee, mimi sishoni. Mimi nasaplai."

Nilikaa na neno hilo nikaligeuza kama mtu aliyeuziwa mbuzi asiye na meno. Kumbe kuna watu wanaishi kwa kusimama kati ya anayeshona na anayelala.

Kitabu chetu kilipotolewa sandukuni, mmoja wa kamati alikiinua juu kwa vidole viwili. "Hii ni tenda," akasema, "ama ni tandiko la punda?" Ukumbi ukacheka. Mke wangu hakucheka, alinyoosha kitambaa chake cha kichwa akangoja. Wakasoma jina la kampuni, bei, na idadi ya kurasa, themanini na sita. Bei yetu ilikuwa ya chini kuliko zote. Hapo kicheko kikaisha, na bwana wa viatu akaandika kitu.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Tumeanguka. Sababu ni cheti cha kodi, kinachotakiwa kuwa ukurasa wa thelathini na nne, hakikuonekana.

Sasa hapa nitasema ukweli ingawa haunipendezi. Sikuilaumu ofisi. Nililaumu nyumba yangu. Nilimwambia mke wangu kuwa amekisahau, kwamba hizi ndizo hasara za kuandika nambari huku unapika. Alinitazama, akaweka mwiko chini, na kwa siku tatu nikajipikia mwenyewe. Siku ya nne akavaa koti lake la kanisani na kusema tunaenda Thika, sheria inamruhusu aliyeanguka aulize ameangukia wapi. Alikuwa amemuuliza msichana wa saiba.

Afisa wa manunuzi alikuwa kijana mwenye tabasamu la kuazima. Alitueleza kwa upole, kama anayeeleza watoto kwa nini mvua haijanyesha. Kamati imetazama, cheti hakipo, nambari zinatoka thelathini na tatu zinaruka mpaka thelathini na tano. Huenda mama aliruka nambari, hutokea, hasa kwa wazee. Mke wangu akasema anataka kukiona kitabu. Afisa akasema ni siri ya ofisi. Mke wangu akasema siri gani, hicho kitabu amekiandika yeye, na hatoki pale. Akakaa. Mke wangu akikaa, amekaa. Kabla ya saa sita kitabu kikaletwa.

Alikisukuma mbele yangu bila kunitazama. "Haya, ongea sasa, wewe uliyesema nimesahau."

Sikuhitaji miwani. Nilipitisha kidole kwenye mshono na kidole kikaniambia kabla ya macho. Kati ya thelathini na tatu na thelathini na tano, uzi ulikuwa umeshika kipande chembamba cha karatasi, upana wa ukucha, kutoka juu mpaka chini, na matundu yangu yote saba yamepita ndani yake. Kimekatwa kwa wembe, na mkono uliokikata ulikuwa na haraka, maana huku chini ulipinda. Kwenye ule waya wa mkia wa nguruwe ungevuta ukurasa ukaenda zako, hata Mungu angeulizwa ashuhudie nini. Kwa uzi wangu, mkono ule ulilazimika kuacha mguu wa maiti nje ya kaburi.

Nikamgeuzia afisa. Akainama akatazama, akasema karatasi huchakaa, pengine imekatika yenyewe.

"Mwanangu," nikamwambia, "uzi haukumbatii hewa. Kama ukurasa haukuwepo, hapa nilishona nini?"

Lile tabasamu la kuazima lilirudi kwa mwenyewe. Akatoka, akarudi na mkubwa wake, mtu wa tumbo na kalamu tatu mfukoni. Mkubwa naye akainama, akapapasa ile karatasi, na nikaona kuwa ameelewa, na nikaona kuwa kuelewa kwake hakutatusaidia. Alisema watalichunguza. Alitupa mkono. Mkono laini, baridi, kama unga uliokandwa jana.

Sisemi nani aliushika wembe. Sikuwepo. Ila wembe haushikwi na fisi, na ukurasa mmoja haumnufaishi tembo.

Walichofanya ni kufuta tenda yote. Barua ilisema bajeti imebadilika. Mwezi uliofuata ikatangazwa upya, safari hii imegawanywa mafungu mawili, hema fungu moja, na mifuko ya kubebea hema fungu lingine. Na kulikuwa na sharti jipya, nilisomewa mara mbili nikidhani msichana ananitania. Vitabu vya tenda vifungwe kwa waya wa plastiki pekee. Vilivyoshonwa kwa mkono havitapokelewa. Serikali nzima, yenye helikopta, imekaa kikao kumuogopa mzee na sindano yake.

Nikasema basi. Nikamwambia mke wangu siwezi kupeleka kazi yangu kwa watu wanaochagua kamba wanayoweza kuifungua wenyewe. Afadhali duka la simu. Nilisema mengi, nilikuwa na mdomo siku hiyo, na mengine nayakumbuka kwa kujivunia mpaka leo. Yeye alikuwa anachambua mchele. Nilipomaliza akaniambia dharau yangu ni nzuri sana, lakini haijawahi kulipia kodi ya kibanda hata mwezi mmoja. Akaenda saiba peke yake, akafungiwa kwa mkia wa nguruwe, akaomba mafungu yote mawili.

Siku ya kufungua sikwenda. Nilisimuliwa kwamba kitabu chake kilipotolewa sandukuni alisimama, akasema hatoki mpaka kamati igonge muhuri kila ukurasa mbele ya watu wote, wa kwake na wa wengine. Wakanung'unika kuwa ni kazi ya mchana mzima. Akasema ana mchana mzima. Wakagonga. Bwana wa viatu, nasikia, alikuwa anaangalia saa yake kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Hema zilikwenda kwa bwana wa viatu. Walisema sampuli yake ilipata alama nyingi, na hapo hakuna wembe wa kuonyesha, alama ni za kichwani mwa mtu. Sisi tulipewa mifuko. Mia na ishirini, ya turubai nzito, yenye mkanda wa begani.

Basi hivi ndivyo kibanda cha Gitothua kilivyobaki na sisi. Mimi, fundi wa hema, nashona mifuko ya kubebea hema za mtu asiyejua tundu la sindano. Hema yenyewe tumeletewa moja tupimie. Niliichunguza mishono yake. Mshono mmoja, uzi wa pamba, pembe hazina kiraka. Mvua ya kwanza ya Aprili askari ataiweka chini na kulala ndani ya mfuko wetu.

Nilimwambia mkurugenzi hivyo, na kwamba mifuko ya kubebea takataka kama hiyo haihitaji mshono wa kwenda na kurudi, tungepiga mmoja tumalize mapema. Alikuwa na mfuko wa kumi na tisa mikononi, ule niliokwisha kuupiga mshono mmoja, amevaa miwani, anauvuta mkanda. Akaugeuza ndani nje, akauweka mapajani mwangu.

"Huu hapana," akasema. "Fumua."

Nikafumua.