Siku Mwimbaji Alipoweka Gitaa Chini

Mwimbaji huyu, mama anayejulikana katika makanisa yote ya mji wa Bunia, hutunga nyimbo zake za Mungu akimenya mihogo, midomo ikicheza bila sauti. Kabla ya kuimba hukohoa kidogo, kisha hulipapasa gitaa kama anayembembeleza mtoto. Juzi, katika kambi ya waliokimbia vita, alianza wimbo wake wa shukrani. Mama mmoja aliyetoka kumzika binti yake akasimama, akamwambia mwimbaji:

“Mama, leo miye siwezi kusema aksanti.”

Mwimbaji akakatiza wimbo. Akaweka gitaa chini, akaenda kuketi naye mkekani, akamshika mkono.

“Basi tulie kwanza, dada yangu. Mungu iko nasikia na ile kilio.”

Hakuimba tena siku hiyo, wala hakuna msikilizaji aliyeondoka.