Mabibi Wawili na Uzi Mwekundu

Hili sikusimuliwa, nilikuwepo mwenyewe dukani Same, na macho yangu mnayajua, yanaona mpaka Kwakoa. Mabibi wawili wa mtoto mmoja, mzaa baba wa Chome na mzaa mama wa Gonja, wameng'ang'ania fungu la mwisho la ule uzi mpya wa kiwandani, usiotoka kwa kondoo. Mwekundu, ungeweza kuota moto pale! Jumapili mtoto anabatizwa, na sweta atavaa moja tu.

"Mkwe, Chome baridi," akasema wa Gonja. "Chukua sufu ya kondoo. Huu utamgandisha mtoto."

"Kama unagandisha, mbona huachii?"

"Nakuonea huruma tu."

"Achia kwanza, ndipo unihurumie!"

Mwenye duka akawagawia nusu kwa nusu: mmoja afume sweta, mwingine kofia. Wakakumbatiana. Tulilia mpaka vumbi la Same likawa tope.

Ila hapo kwenye kugawana nimetunga. Wa Gonja aliondoka na fungu zima. Wa Chome alibaki akifinyafinya uzi wa bluu, macho mlangoni.

"Hata huu mzuri," akaniambia.

Wala sikuwa nimemuuliza.