Choya za Dada Zuhura

Wenzangu, mnapenda kusema kwamba enzi zetu watu walikuwa na damu nzuri kwa sababu tulikula vya shambani. Nyie! Acheni hayo. Mimi nimekulia Sudi, pwani ya kusini, wakati wa Mwingereza, na niliyoyaona uani kwetu yananitosha. Wajukuu zangu siku hizi wananunua juisi ya choya ya chupa, wanaipiga picha kwanza ndipo waonje, na ukiwaonyesha mche wake wanakuuliza, "Bibi, hii ni bamia gani?" Nawacheka, lakini mimi mwenyewe choya hainipiti kooni.

Hodari wa choya alikuwa mama. Baba alikwisha kufa, tukabaki wanawake watatu: mama, dada yangu Zuhura, na mimi Somoe, kitinda mimba. Kila mvua zikianza mama alipanda mistari minne nyuma ya nyumba, kando ya ua wa makuti. Mashina yake mekundu, maua ya manjano yenye kiini cheusi, na maua yakipukutika yanaacha vile vikombe vinene vyekundu. Tulivitafuna vibichi kwa chumvi mpaka meno yakaingia ganzi. Vingine mama alivianika jamvini, akavichemsha. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba choya inaongeza damu. "Kitu chekundu namna hii kitaongeza nini tena, usaha?" alisema, na hakuna aliyembishia.

Zuhura aliolewa na mtu wa mashamba ya mkonge, upande wa Lindi. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa saba akarudi nyumbani, maana kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama yake mwali, na hapo mume hana neno. Alikuja midomo imempauka. Akitoka chumbani mpaka jikoni anashika ukuta, anahema. Na ule ukuta akawa anaubandua udongo kwa kucha, anakula. Wanawake wa jirani walicheka mpaka kaniki zikawavuka. "Dume hilo, linajenga nyumba humo tumboni!" Mimi nami nilicheka. Nilikuwa namchagulia vipande laini, nampelekea kiganjani.

Siku moja akapita dresa wa zahanati. Akamfunua Zuhura kope, akatikisa kichwa. "Huyu apelekwe hospitali Lindi, wiki hii hii." Shemeji akapata habari, akaja na wanaume wanne na machela. Mama akasimama mlangoni.

"Mwanangu kaja kuzalia kwangu. Choya zangu zinakaribia. Nipeni wiki mbili tu, damu itarudi."

Shemeji angefanyaje? Mkwe hapingwi. Alimtazama Zuhura, akainamisha kichwa, akasema, "Haya, mama." Wakaondoka na machela yao tupu.

Mwaka huo mvua zilikata mapema, na choya zilikuwa bado changa. Mama akanikabidhi mimi kumwagilia, asubuhi na alasiri, kwa maji ya kisima cha bara, yaliyo matamu. Kisima chenyewe mbali, kilima kipo, na mtungi kichwani. Kisima cha pwani kilikuwa karibu kabisa, lakini maji yake ya chumvi, ya kuoshea vyombo tu. "Choya haitaki chumvi," mama aliniambia kila siku. "Dada yako yumo humo, Somoe. Usinichezee."

Nami nikamchezea. Alasiri wenzangu walikuwa wanacheza rede kiwanjani, na mimi nilikuwa fundi wa kuukwepa mpira. Siku ya kwanza nilichota maji ya pwani nikajiambia ni leo tu. Ya pili hivyo hivyo. Baadaye sikujiambia kitu. Majani yakaungua pembeni, vikombe vikasinyaa, vikaanguka. Mama akadhani ni jua. Katika mistari yote minne akapata bakuli moja. Alimnywesha Zuhura kijiko kwa kijiko, anasoma dua, anamtazama midomo.

Zuhura alijifungua Alhamisi asubuhi, mtoto wa kiume. Damu haikutoka nyingi. Mkunga alisema wapo wanaomwaga mara mbili yake na kesho yake wanatwanga. Lakini dada yangu hakuwa nayo ya kupoteza. Adhuhuri alikuwa amekwisha. Mtoto naye hakufikisha arobaini.

Tulipotoka kuzika mama alikwenda uani. Akachota udongo penye mashina, akaulamba. Akaniita.

"Somoe, ulimwagilia maji gani?"

Nikamwambia kweli. Niliomba moyoni anipige, hakunipiga. Alikung'uta mikono, akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao." Akang'oa michoya yote. Hakupanda tena, na mimi rede sikucheza tena. Nilikuwa na miaka tisa, nikajijua kuwa nimemuua dada yangu.

Nikaishi na neno hilo mpaka nikaolewa, nikashika mimba yangu. Kliniki nikamsimulia nesi, mama mtu mzima, habari za Zuhura: midomo, kuhema, udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, hata ungekuwa na shamba zima la choya. Yule alikuwa mtu wa hospitali, atiwe damu. Aliyechelewesha safari ndiye…" Akaniona uso, akavuta kadi yangu, akaandika.

Nilirudi kwetu, nilikokuja kuzalia, na maneno hayo mdomoni. Nikamkuta mama anapepeta mchele. Akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikasema niko salama. Kesho yake sikusema, wala mwaka uliofuata.

Watoto wa leo wana maneno. Wangemwambia mama yao ukweli palepale, na pengine wana haki. Wakisikia neno hospitali hawangoji ruhusa ya mtu, na katika hilo nawaonea wivu hasa. Sisi tulifundishwa kwamba mzazi hasutwi. Mama alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alinishika mkono, akasema, "Somoe, yale maji ya chumvi nimekusamehe. Nina radhi nawe." Macho yake yalikuwa yametulia kabisa. Nikambusu mkono, nikasema, "Ahsante, mama."