Mikono ya Kunigunda

Mwaka biashara ya kahawa ilipoachiwa watu binafsi, Polikarpo wa kijiji cha Mpepai alirudi kutoka Mbinga mjini akakuta mibuni yake yote imekatwa. Mkewe, Kunigunda, alikuwa bado ameshika panga.

"Mama Flavia! Umerukwa na akili?"

"Tazama, Baba Flavia."

Akafunua kanga. Mikono yake ilikuwa imebabuka mpaka kwenye viwiko. Ndiyo mikono iliyomchanganyia Polikarpo dawa ya mibuni msimu mzima, naye hakuwahi kuiangalia.

Polikarpo alilipokea panga, akaishika mikono ile na kuitazama. Hasira ikamtoka.

Msimu uliofuata walichimba ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, wakapanda maharage na maboga bila dawa yoyote. Ngozi ya Kunigunda ikapona polepole. Polikarpo hakugusa tena bomba la kupulizia.