Mstari wa Mkate na Mshahara wa Meneja

Nilipohudhuria mkutano mkuu wa ushirika wetu wa kahawa kwa mara ya kwanza kama mwanachama, nilikuwa pia kibarua katika kiwanda cha ushirika huo huo, upande wa Kianyaga. Nambari ya uanachama ilikuwa ya marehemu baba. Mama alisema magoti yake hayawezi tena kukaa mkutanoni siku nzima, kwa hiyo ikaandikwa jina langu. Kazi yangu ilikuwa kwenye meza za kuanika, kugeuza buni na kutoa zilizovunjika. Ni kazi ya msimu. Kahawa ikiisha, nawe unaenda nyumbani.

Msimu huo meneja alikuwa ameniahidi kitu. Karani wa mizani, anayeandika kilo za kila mkulima na ambaye nilimsaidia kuandika siku za kahawa nyingi, alikuwa anastaafu, na meneja alisema nafasi hiyo angenipa mimi, kwa mshahara wa kila mwezi.

"Unaandika pole pole," aliniambia, "lakini nambari zako hazijawahi kuletewa malalamiko."

Niliishia darasa la nane. Sikutegemea kuahidiwa kitu kama hicho mara mbili.

Mkutano ulifanyika uwanjani mwa kiwanda. Ajenda ya mwisho ililetwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mrefu ambaye huongea kama bado ameshika chaki.

"Meneja wetu anachukua mshahara wa walinzi thelathini," alisema. "Sisemi ni mwizi. Nasema ifike mahali isimame. Apate mara kumi ya mlinzi, na isipite hapo."

Meneja alisimama bila kukasirika. Alisema kule Thika angelipwa zaidi, na kwamba alikuja huku kwa sababu ni kwao. Alitukumbusha kahawa yetu ilikuwa daraja gani alipofika, na sasa iko wapi. "Mkitaka meneja wa bei rahisi, mtampata," alisema.

Wengi walikubali kwa vichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Kama ni kuzaliwa huku, hata mlinzi amezaliwa huku," mzee mmoja alisema kutoka nyuma, na watu wakacheka, meneja pia.

Mwenyekiti akasema tupige kura ya mlolongo. Wanaotaka kikomo wasimame nyuma ya mwalimu, karibu na lango. Wanaotaka mshahara ubaki ulivyo wasimame nyuma ya naibu mwenyekiti. Naibu alikuwa amejisimamia mlangoni mwa stoo, penye kivuli.

Nilibaki nimesimama katikati. Meneja alikuwa ameketi mbele, na kura hii haina maficho. Nikakumbuka siku kahawa yetu ilipopanda daraja. Yeye alipewa marupurupu na kamati, na sisi wa mezani tukapewa pakiti moja ya sukari kila mtu. Ni yeye aliyetufundisha kuchagua, hilo silikatai. Lakini mikono iliyochagua ilikuwa yetu. Nikaenda kwa mwalimu. Nilisimama mwisho kabisa, nikiangalia viatu vyangu.

Mstari wa naibu ulikuwa umerefuka kuliko nilivyotarajia. Ndani yake nilimwona cucu, yaani nyanya, anayeishi jirani yetu. Akaniita kwa mkono.

"Wewe, huko hakuna kitu. Kuja nikushikie nafasi kabla mkate iishe."

Nikamsogelea. "Cucu, hii ni laini ya kura."

"Kura ya nani?"

"Ya mshahara ya meneja. Hapa ni wale wanataka ibaki vile iko."

"Ati nini? Mimi nakaa hapa kila mwaka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkate na soda hugawiwa mlangoni mwa stoo kila mkutano unapokaribia kuisha, na kreti zilikuwa tayari zimepangwa pale. Wazee wengi, waliposikia neno mstari, walienda mahali mstari huwa.

Nilirudi kwenye nafasi yangu. Kura zilihesabiwa, na upande wa naibu ukashinda kwa watu wachache. Ningenyamaza, nafasi yangu ya mizani ingekuwa salama zaidi. Lakini nilitoa karatasi ya mizani mfukoni mwa aproni, nikaandika. Mwenyekiti alikuwa tayari anawashukuru wageni nilipofika mezani na kumpa.

Aliisoma kwa sauti: "Watu wengi kwa mstari wa stoo wanangoja mkate."

Watu walicheka, na naibu, akiwa bado mlangoni mwa stoo, akasema huo ni uchochezi. "Nani ameandika hii?" aliuliza.

Meneja alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaitazama kidogo.

"Mwandiko naujua," alisema. "Haujawahi kuniletea uongo. Gaweni mkate kwanza, halafu tupange upya."

Tulikula. Kreti tupu zikahamishwa. Mstari wa mwalimu ulipopangwa tena, ulipita lango na kuingia barabarani.

Jumatatu meneja aliniita ofisini.

"Ungekuja kuniambia."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, lakini ukaandikia mkutano mzima."

Alinisukumia barua ya kazi na kalamu. Nilitia sahihi pole pole, naye akangoja.

Alikaa mpaka kahawa ya mwisho ilipopakiwa, kisha akaenda Thika. Meneja tuliye naye sasa analipwa mara kumi ya mlinzi. Alipoingia aliomba mlinzi aongezwe mshahara, na aliongezwa. Msimu huu kahawa ilishuka daraja moja. Wengine wanasema ni mvua, wengine wanasema tulijikata mguu wenyewe. Wanabishania palepale mizani na kuniuliza mimi nasemaje, kwa kuwa karatasi ilikuwa yangu. Hata leo ningesimama mstari uleule, ila yule meneja aliyeenda Thika simsahau, na maneno haya mawili sijui kuyasema kwa pamoja. Nawaambia wangoje nimalize kuandika.

Wiki iliyopita cucu alileta debe lake moja la kahawa kwenye gunia. Niliandika kilo zake, akainama kuhakikisha.

"Mkutano ya mwaka huu kutakuwa na mkate?"

"Itakuwa, cucu. Lakini baada ya kura."

"Sawa," alisema, akikunja gunia lake. "Nitakuja nikiwa nimekula."