Miwani ya Boksi na Simu Zisizo na Mwenyewe

Niseme mapema nisije nikasutwa: mwalimu wa nidhamu nilikuwa mimi. Katika sekondari yetu pale Ujiji, mwanafunzi akikutwa na simu anarudishwa nyumbani wiki mbili, na simu inapondwa kwa nyundo mstarini, shule nzima ikitazama. Kwa hiyo kila simu niliyoikamata haikuwa na mwenyewe. Nilikuwa naikuta inaita ndani ya begi la mtu, na mwenye begi ananitazama machoni ananiambia, madam, hata mimi nashangaa. Muhula ule kabati langu lilikuwa na simu nane za namna hiyo, zinasubiri Ijumaa ya mwisho wa mwezi zikapondwe.

Sasa mimi huyo huyo nafundisha baiolojia, na maabara yetu ni chumba chenye sinki lisilo na bomba. Nikaona mtandaoni watu wanatengeneza miwani ya boksi. Unakata boksi gumu, unapachika lenzi mbili za plastiki, unachomeka simu kwa mbele. Ukitazama ndani unajikuta upo mahali penyewe, ukigeuza shingo na picha inageuka nawe. Lenzi nikaagiza Dar es Salaam zikaja na basi, maboksi ya sabuni nikaomba dukani. Kilichopungua ni simu. Mimi nilikuwa na moja, na kidato cha nne wapo hamsini na wanne. Shetani hakuhangaika sana, alinionyesha kabati.

Tatu zilikuwa za kubonyeza, hazifai. Tano zilifaa ila zimefungwa kwa namba za siri. Nikasema darasani, kama mtu anayejisemea tu, kwamba somo tamu litakwama kwa sababu ya namba za siri. Kesho yake asubuhi nikakuta vikaratasi vitano vimesukumwa chini ya mlango wa ofisi yangu, kila kimoja na namba zake, hakuna hata kimoja chenye jina. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Mkuu wa shule aliposikia habari za miwani aliniuliza simu nimezitoa wapi. Nikamwambia nimeazima kwa shangazi zangu wa Mwandiga. Shangazi watano, kila mmoja na simu yake ya kutelezesha kidole. Akasema nina ukoo mzuri.

Somo la kwanza lilikuwa video ya chini ya ziwa letu, mawe na samaki wake. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Watoto waliokulia ufukweni, kabla ya kuweka uso kwenye boksi, walivuta hewa kwanza, mashavu yakajaa, wakazama. Walikaa humo wamebana pumzi mpaka wanashindwa, wakaibuka wanahema na kujifuta uso mkavu. Sikumwagiza mtu. Aliyezoea kupiga mbizi hawezi kuingiza kichwa majini huku anapumua, hata maji yenyewe yawe ya boksi la sabuni. Wale wa Mwandiga na wa barabara ya Kasulu walitazama samaki wanapumua zao, midomo wazi, na wenzao wakawabatiza jina la watu wa nchi kavu.

Mkuu wetu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa wa nchi kavu. Mstarini alitusimulia kila mara kwamba yeye ni mtoto wa ziwa, alijua kuogelea kabla hajajua kutembea. Mtoto aliyesingizia mvua kwa kuchelewa alisomewa hadithi hiyo yote, akiwa amelowa.

Ijumaa ya nyundo ikafika. Nilitaka zile simu zipone, nawaambia kweli, maana zikipondwa na somo limekufa. Nikapanga kumkaribisha Mkuu darasani kabla ya mstari, atazame, afurahi, kisha nimwombe zilizomo kabatini zibaki kuwa vifaa vya shule. Asubuhi nilizitoa zile tano kama kawaida, nikamkalisha kwenye kiti changu na kumpa miwani.

Darasa lilisubiri avute hewa. Hakuvuta. Alipumua kama mtu anayesubiri chai, tena akaanza kuongea chini ya maji, anasema haya maji mbona ni mengi hivi. Mikono miwili ikashika meza. Miguu akainyanyua kutoka sakafuni. Nyuma kabisa mtu akanong'ona, wa nchi kavu huyu, na kicheko kikaanza kupita puani mwa watoto.

Kuna kitu nilikisahau. Video ikiisha, simu inarudi kwenye picha yake ya kawaida. Picha ya simu ile ilikuwa ya binti wa darasa lile lile, ndani ya sweta la shule yetu, ameshika kidevu. Binti mwenyewe, pale safu ya pili, nilimwona anafumba macho. Mkuu alibaki ndani ya miwani muda mrefu, na video ilikuwa imekwisha.

Alipoitoa aliwageukia wanafunzi akataka kujua wanacheka nini. Mmoja wa mbele akasimama, kwa adabu zake zote.

"Mkuu, hukubana pumzi."

Nilijua sasa atawaka. Hakuwaka. Aliweka miwani mezani taratibu.

"Sijui kuogelea," alisema. "Mimi ni wa Kidahwe, nimekua nachunga mbuzi. Hili ziwa naliogopa mpaka leo, na nimewadanganya." Akanitazama mimi, akatazama simu. "Mimi nimemaliza. Nani anafuata?"

Zamu ilikuwa yangu, kila aliyejua alijua. Mimi niliyewasimamisha watoto juani kwa kusema begi langu lakini simu si yangu. Nikaanza kukagua dari. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki mwezi mmoja, na wiki mbili za nyumbani zingemmaliza mtu.

"Ni yangu, Mkuu," binti akasema. Alikuwa ameshasimama.

Ndipo na mimi nikapata mdomo. Nikasema shangazi ninaye mmoja tu.

Nyundo ilirudi stoo siku hiyo, simu zikakaa kabatini mpaka wazazi walipokuja kuzichukua shule ilipofungwa. Binti aliambiwa akae asome. Mimi nilivuliwa ualimu wa nidhamu na kuandikiwa barua, na sikuona haja ya kubisha. Jumatatu nilimwomba yule binti radhi mbele ya wenzake. Nilimwacha asimame peke yake, na kati yetu watatu ni yeye tu aliyekuwa na mtihani wa kukosa.