Maseremala Waliobaki Paani

Zamani boriti ya mwisho ya paa ilipokaa mahali pake, maseremala walifunga shada kileleni na mchora ramani wa jengo akapanda kunywa nao huko huko juu. Siku hizi zege linamwagwa, linakauka, na hakuna anayejali hata jina la aliyejenga.

Hippolyte Vazeille alikuwa mtu wa zile zamani. Baba yake aliezeka mapaa kwa vigae vya mawe kule Auvergne, na mtoto alijua kupanda ngazi kabla hajajua kusoma. Alijifunza kuchora majengo mjini Clermont, akaanza na maduka: duka la miavuli, kisha duka la vitambaa lenye vioo vipana kiasi kwamba akina mama walisimama nje mvuani kutazama tu. Wenye maduka walimpenda kwa sababu majengo yake yaliuza. Ikaja enzi ya maji ya tiba, matajiri wa Paris wakafurika mji wa La Bourboule kuyanywa na kuyaoga, na Vazeille akageukia hoteli. Alijua mgeni wa namna ile anataka nini: lifti isiyopiga kelele, bafu chumbani, na baraza ya kukaa aonekane. Kila jengo lilichongwa jina lake kwenye jiwe la mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya wachora ramani wote. Mkewe Léontine alizoea kumtania, "Wenzako wana watoto, wewe una milango."

Na katika kila jengo, hata lile duka la miavuli, alipanda juu siku ya shada. Lilikuwa tawi la msonobari lenye tepe za rangi, basi. Lakini maseremala hawakuhesabu paa kuwa limekwisha mpaka mchora ramani aliguse lile tawi na glasi zigongwe. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Watu waliishika kwa kuwa walikuwa watu.

Hoteli ya Chassagne ndiyo iliyomponza. Ilikuwa vuli ya mwaka wa mwisho kabla ya vita. Chassagne, mwenye hoteli, aliandaa chakula cha mchana siku ile ile ya shada, katika ukumbi wa chini ambao bado ulinuka chokaa. Alimwalika daktari wa maji ya tiba, mwandishi wa gazeti, na tajiri mmoja wa Vichy aliyetaka naye kujengewa. Supu ilikuwa imeondolewa, samaki wameletwa, pale Tournadre, mkuu wa maseremala, alipochungulia dirishani, kofia mkononi.

"Bwana Vazeille! Tawi limeshafungwa, mvinyo unapata joto."

"Nakuja, Tournadre."

"Ulisema hivyo kwenye supu."

Wageni wakacheka. Chassagne hakucheka. "Mwambie tunakula," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimewaletea kreti nzima," Vazeille akasema. "Kunyweni, mimi niko nanyi."

"Kreti tumeiona, bwana. Nzuri sana. Ila kreti haijui kupanda ngazi. Sisi tunakungoja juu."

Sauti nyingine ikasikika kutoka paani. Ilikuwa ya Basset, shemeji yake Tournadre. "Mwache huyo! Ameota kitambi, ngazi itamkataa!" Kicheko kikapita juu ya dari, na baada yake wimbo.

Vazeille alikusudia kupanda baada ya jibini. Baada ya jibini ikaja kahawa, na kwenye kahawa tajiri wa Vichy akaanza kuchora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Alipotoka nje kulikuwa na giza, na wimbo ulikuwa umenyamaza zamani. Kesho yake Tournadre alimsalimu vizuri, akafunga zana zake, akaenda. Hakulalamika. Ingekuwa afadhali angetukana.

Kiangazi kilichofuata, vita vikawachukua Tournadre, Basset na wenzao wawili. Hakurudi hata mmoja. Majina yao yako kwenye mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, mbele ya kanisa, wote upande mmoja.

Hoteli ilifanywa hospitali, na ndipo maneno yalipoanza. Wauguzi walisema kuna watu wanatembea juu ya ghorofa ya mwisho. Waliambiwa ni panya. Majeruhi mmoja, mkulima wa Cantal asiye na miguu, akasema, "Nimelala na panya mahandakini. Panya hawaimbi."

Amani iliporudi, hoteli ikafunguliwa tena. Vuli ilipofika, shada lilionekana kileleni, bichi, tepe zikipepea. Chassagne akaamuru litolewe. Asubuhi iliyofuata lilikuwa pale pale, utomvu ukichuruzika juu ya vigae. Ikawa hivyo kila vuli. Wageni wa ghorofa ya juu waliomba kuhamishwa, kisha wakaacha kuomba, wakawa wanaondoka.

Chassagne akamwita Vazeille.

"Ng'ombe wako hao wa paani, wachunge mwenyewe," alimwambia. "Kama wako juu hadi Siku ya Watakatifu Wote, nabomoa paa lote, namwaga zege bapa. Na jina lako pale mlangoni nalichonga litoke. Yule wa Vichy akiniuliza kwa nini, nitamweleza."

Vazeille hakuwa amepata kazi yoyote tangu vita. Vijana wenye miwani ya duara walikuwa wamechukua kila kitu, wakijenga masanduku na kuyaita hoteli. Jina lile likitoka kwenye jiwe, naye angekuwa amekwisha.

"Utapanda?" Léontine aliuliza.

"Nina miaka sitini na zaidi, mama."

"Sikukuuliza umri."

Alipanda asubuhi, ukungu ukiwa umeketi juu ya mji hata mnara wa kanisa hauonekani. Alibeba chupa na glasi ndani ya kikapu. Alitoka kwa mlango mdogo wa dari, akashika bomba la moshi, akasimama. Umande ulikuwa umeganda juu ya vigae, mweupe, bila alama ya mguu hata mmoja.

Walikuwa wameketi juu ya mgongo wa paa, miguu huku na huku kama wapanda farasi, wamempa visogo. Walivaa suruali zao za kazi. Alisikia harufu ya tumbaku na ya mbao mbichi. Pumzi yake ilitoka kama moshi. Zao hazikutoka.

"Supu imekwisha?" Tournadre aliuliza, bila kugeuka.

"Imekwisha."

"Na jibini?"

"Yote, Tournadre. Nilikosa. Nilijua desturi, na nilikosa."

"Shika tawi kwanza. Hapa ni baridi."

Alitambaa mpaka kileleni, akalishika tawi. Lilikuwa na unyevu. Alimimina mvinyo, akazipanga glasi juu ya vigae, akanywa yake. Alipotazama tena, glasi zote zilikuwa tupu, na hakuona mkono ulioinuka.

"Kitambi kimekwenda wapi?" Basset alisema. "Tazameni, vita vimemnyoosha huyu!"

Walicheka, na kicheko kilikuwa kile kile alichokisikia mezani. Kisha walisimama, wakaokota mifuko yao ya zana, wakampita mmoja mmoja kuelekea mlango wa dari. Kila aliyempita aligusa kofia, na ubaridi uliomfuata ulikuwa wa handaki lililofunguliwa. Wa mwisho, kijana, alisita.

"Bwana, nyumbani wanajua kwamba kazi tumemaliza?"

"Nitawaambia," Vazeille akasema.

Alikwenda kweli, nyumba kwa nyumba, na mjane wa Basset alimfungia mlango usoni. Chassagne naye alilala ghorofa ya juu wiki nzima, hakusikia kitu, na jina likabaki kwenye jiwe.

Lakini asubuhi ile Vazeille hakufikiria jina. Alibaki ameshika bomba la moshi, na ukungu ulipoachana kidogo aliwaona chini, wanashuka barabara ya kanisa, mifuko begani. Mbwa wa muuza mboga aliinuka, akawafuata mpaka darajani. Pale Vazeille hakuwaona tena, lakini mbwa aliketi kando ya njia, akageuza kichwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayetazama watu wakivuka.